Sura ya Saba: Kiraka cha Bomba

Juni ikiingia, Babati huwa na baridi ya kweli. Mji umekaa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kwaraa ukiwa mgongoni mwake, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi huulizia sweta siku hiyohiyo. Hata hivyo nyumba zetu hazina mfumo wa kupasha vyumba joto. Vyumbani tunategemea blanketi na jiko la mkaa. Kinachopashwa joto kwa mitambo ni maji ya kuoga. Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni kule Bagara, Maisaka na Nangara, pamoja na nyumba za wageni zilizopangana kando ya barabara za Arusha, Singida na Kondoa, zina hita ya umeme bafuni au sola ya maji juu ya paa. Kwa hiyo ndani ya ukuta mmoja mna mabomba ya namna mbili, la maji baridi na la maji moto, na mara nyingi la maji moto ndilo hutangulia kuvuja.

Sababu yake ni kwamba bomba hilo halitulii. Asubuhi maji ya moto yanapita, bomba linarefuka kidogo. Mchana linapoa, linarudi. Mwaka mzima viungo vyake vinavutwa na kusukumwa, na plastiki hurefuka kuliko chuma. Kwenye bomba la chuma kuna udhaifu mwingine. Fundi anapokata tredi anaondoa ile ngozi ya zinki inayozuia kutu, na papo hapo anapunguza unene wa chuma. Ndiyo maana ukiona alama ya kutu nyekundu ukutani, mara nyingi ukibomoa plasta utakuta kiungo: soketi, elbo au nipo.

Sura hii inahusu saa zile kati ya kuona maji yamejaa sakafuni na kupata fundi mwenye vifaa kamili. Inaweza kuwa usiku, inaweza kuwa Jumapili, inaweza kuwa siku ambayo umeme haupo na mashine ya fundi haiwezi kufanya kazi. Katika saa hizo mtu huokota kilicho karibu na kuziba. Sina ubaya na viraka. Nyumba nyingi zimeokolewa na kipande cha mpira. Ninachosisitiza ni kwamba katika mji wenye mgao wa maji, kiraka hakipimwi siku maji yanapotoka kwa nguvu. Kinapimwa siku maji yanapokatika. Nitafika huko.

Kwanza, nguvu. Maji yaliyosimama kwenye mnara wa mita 10 yanasukuma kwa presha ya takriban bar 1. Bomba la mtaani linaweza kuwa na bar 3 au zaidi, hasa usiku watu wanapolala na koki zimefungwa. Tundu la milimita 3, dogo kuliko punje ya mchele, kwa presha ya bar 3 humwaga kama lita 6 kwa dakika, sawa na lita 9,000 hivi kwa siku. Hayo ni matangi tisa ya lita 1,000. Tundu hilohilo likilishwa na tangi lililoinuliwa mita 3 tu litamwaga kama lita 2 kwa dakika. Bado ni maji mengi, lakini presha imeshuka mara kumi, na kiraka ambacho kingefyatuka kwenye maji ya mtaani kinaweza kushika kwenye maji ya tangi. Kwa hiyo kama nyumba yako ina tangi na bomba limekupasukia, funga njia ya mtaani na uishi kwa maji ya tangi mpaka matengenezo yakamilike. Hatua hiyo moja inasaidia kuliko gundi yoyote ya dukani.

Fundi mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza. Anabisha hodi, "Shikamoo mama," na mama mwenye nyumba, kanga imelowa hadi magotini, anamjibu "Marahaba baba, ingia, jikoni kumekuwa bwawa." Yule kijana haendi jikoni. Anauliza, "Koki ya mita iko wapi, mama?" Anatoka nje, anainua mfuniko wa mita, anafunga. Kisha anarudi na kufungua koki ya chini kabisa ya nyumba, ile ya nje ya kufulia, ili maji yaliyobaki ndani yashuke. Hapo ndipo anapoinama chini ya sinki. Aliyeanza kwa kufunga kitambaa juu ya bomba lenye presha anapigana na maji, na maji hayachoki.

Kama linalovuja ni la maji moto, kuna hatua moja kabla ya kufunga koki. Zima hita kwenye swichi yake kuu, ile ya ukutani au ya kwenye boksi la umeme, kabla mkono haujagusa maji. Maji yaliyomwagika karibu na hita, hasa zile shawa za umeme zinazochemsha papo kwa papo juu ya kichwa cha mtu anayeoga, yanaweza kubeba umeme kama nyumba haina waya wa ardhi ulio salama. Baada ya kuzima, ngoja. Maji ya hita yaliyofika nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Sola ni hatari zaidi kwa sababu haina swichi. Jua la saa saba mchana likiipiga, maji yake yanaweza kupanda hadi karibu na kuchemka, na Babati maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko. Kazi ya sola ifanywe alfajiri, au paneli zifunikwe kwa turubai tangu jana yake jioni.

Sasa chunguza tone linatoka wapi, kwa sababu lipo tone moja ambalo hupaswi kuliziba kamwe.

Kwenye hita ya tangi, ile yenye umbo la pipa, utaona chini yake kivalvu kidogo cha shaba chenye kimdomo na pengine kijishikizo cha kunyanyua. Hiyo ni valvu ya usalama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 1.5, kwa hiyo hita ya lita 80 inapata zaidi ya lita moja isiyo na pa kukaa. Kama kuna valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, lita hiyo haiwezi kurudi bombani, kwa hiyo kivalvu kinaachia matone kila hita inapowaka. Mwenye nyumba anaona kuta zinalowa, anasema hita inavuja. Wapo wanaokiziba: kwa kijiti, kwa plagi ya chuma, kwa tredi tepu iliyozungushwa mpaka ikawa donge. Nakuomba, kama utakumbuka kitu kimoja tu katika sura hii, kiwe hiki. Kidhibiti joto kikija kuharibika na hita ikaendelea kuwaka, maji yaliyofungiwa yatapita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, kwa kuwa presha inayazuia. Pipa likipasuka, presha inaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke, na lita moja ya maji hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Hita za namna hiyo zimewahi kutoboa mapaa na kuua watu katika nchi mbalimbali. Kama matone ya valvu yanakukera, vuta kibomba chembamba kutoka mdomoni mwake hadi nje, kikiwa wazi, kikielekea chini. Kama kinamwaga mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, basi presha ya mtaani ni kubwa au valvu imechoka, na tiba ni kununua nyingine.

Likithibitika kuwa ni bomba lenyewe, kiraka kinategemea bomba ni la nini.

Bomba la chuma lenye tundu ndilo rahisi kuliko yote, na kifaa chake kimejaa kila kona ya mji: tyubu ya baiskeli au ya pikipiki. Fundi wa baiskeli atakupa kipande kilichochakaa kwa bei ndogo sana. Kikate ukanda wenye upana wa vidole viwili na urefu wa mkono. Bomba lisuguliwe kwa msasa au brashi ya waya mpaka kutu ya juu itoke, lakini kwa upole, maana chuma kilichokuwa kikivuja mara nyingi kimebaki chembamba kuzunguka tundu lote. Anza kuzungusha ukanda vidole vitatu kabla ya tundu, ukiuvuta mpaka unyooke na kuwa mwembamba, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanauzungusha ukiwa umelegea, wakidhani wingi wa mizunguko utafidia. Kinachoziba ni mvuto. Ukanda uliovutwa unataka kurudi, na hamu hiyo ya kurudi ndiyo inayolibana bomba. Pita tundu, nenda vidole vitatu mbele, geuka urudi. Funga juu yake kwa waya wa kufungia nondo, usokotwe kwa koleo, au bora zaidi kwa klampu mbili za mpira wa radieta ya gari, kila moja upande wake wa tundu, na ya tatu juu ya tundu lenyewe.

Tundu dogo kama ncha ya msumari linaweza pia kuzibwa kwa kijiti cha mti laini kilichochongwa, kikasukumwa na kukatwa usawa wa bomba, kisha mpira ukafungwa juu yake. Mti ukinywa maji huvimba na kubana. Ila usikigonge kwa nyundo kwenye bomba la zamani. Tundu la milimita 2 litakuwa la sentimita 2 mbele ya macho yako.

Kiungo cha tredi kinachovuja hakizibwi kwa kuzungushia tredi tepu kwa nje. Naona jambo hili kila mara, tepu nyeupe imeviringwa juu ya soketi kama bandeji, na maji yanapita chini yake yakitabasamu. Tepu ile haina gundi. Kazi yake ni kukaa ndani ya tredi, ikizungushwa kufuata upande tredi inakoelekea, ili unapokaza isichomoke. Kama kiungo kinaweza kufunguliwa, kifungue, futa tredi, zungusha tepu upya, kaza kwa spana ya bomba huku spana ya pili ikishikilia bomba lisizunguke. Bila hiyo ya pili utakaza hapa na kulegeza kule ndani ya ukuta, usikoona.

Kwa plastiki ngumu, PVC, kiraka bora ni plastiki ileile. Tafuta kipande cha bomba la ukubwa uleule, kirefu kama kiganja, kipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma upate ganda linaloweza kuvishwa juu ya ufa. Kausha bomba kabisa, likwaruze kwa msasa, paka gundi ya PVC pande zote mbili, vika, funga kwa waya, uache saa kadhaa kabla ya kurudisha maji. Gundi hiyo inayeyusha uso wa plastiki ili viwili viwe kimoja, kwa hiyo tone moja la maji lililobaki kwenye ufa linaharibu kazi yote. Ukiona maji yanaendelea kuchuruzika polepole hata baada ya kufunga koki, sukuma kipande cha mkate ndani ya bomba lililokatwa. Kinanyonya maji kwa dakika unazohitaji, halafu kinasagika na kutoka kupitia koki. Mafundi wa mabomba wamefanya hivyo tangu zamani sehemu nyingi za dunia. Fungua dirisha, maana mvuke wa gundi hiyo unalewesha.

PVC ya kawaida haifai kwa maji ya moto. Ikipita nyuzi 60 hulegea. Ukikuta fundi ameiunganisha na hita, usihangaike na kiraka. Ondoa bomba lote. Na usikubali ule mtindo wa kuchoma ncha ya bomba kwenye moto mpaka ipanuke ili kumeza bomba lingine kwa kubana gharama ya soketi. Pale lilipopanuka limekuwa jembamba, na moshi wake una sumu.

Bomba jeusi linalouzwa kwa roli na yale ya kijani au meupe yanayounganishwa kwa mashine ya joto hayashiki gundi ya PVC kabisa. Gundi itakauka juu yake na kubanduka kama ukoko. La roli lina viungo vyake vya kukaza kwa mkono: kata sehemu iliyopasuka, weka kiungo, umemaliza, na hicho si kiraka tena. Yale ya mashine huyeyushwa kwa nyuzi 260 hivi kisha husukumwa pamoja. Kama umeme umekatika, funga mpira na klampu, ungoje. Kwenye njia ya maji moto, mpira wa tyubu utalegea kidogo baada ya kupata joto, kwa hiyo kaza klampu tena kesho yake, na shusha kidhibiti joto cha hita hadi nyuzi 50 kwa siku hizo chache.

Sasa turudi kwenye mgao.

Bomba likiwa na presha, maji yanatoka nje kupitia tundu, na uchafu hauna njia ya kuingia. Presha ikiondoka, mambo yanageuka. Mji wa Babati una miteremko. Maji yakikatwa na jirani aliye chini akafungua koki yake, maji yaliyobaki ndani ya bomba yanashuka kwake na kuacha mvuto nyuma. Tundu lililokuwa likimwaga linaanza kunyonya. Kama bomba limefukiwa kwenye udongo uliolowa kwa sababu ya uvujaji huohuo, kinachonyonywa ni tope, na kama bomba limepita karibu na shimo la choo, unajua kinachonyonywa. Maji yakirudi alfajiri, ndoo ya kwanza inabeba kila kilichoingia. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya nchi, na maji yaliyochafuliwa ni njia kuu ya ugonjwa huo.

Kiraka cha mpira kinaonekana kizima maji yanapotoka kwa sababu ukanda umebanwa na klampu na maji yanausukuma kutoka ndani. Mvuto ukija, ukanda uliolegea unaruhusu kile ambacho presha isingeruhusu. Ndiyo sababu nakipa kiraka cha juu ya ardhi, kinachoonekana, siku chache, lakini kiraka chini ya udongo sikipi hata usiku mmoja bila masharti. Acha shimo wazi, chimba chini ya bomba kiasi cha kiganja ili maji yasituame kuligusa, na usifukie mpaka matengenezo kamili yafanyike. Muda wote huo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya maji ya WaterGuard, hata kama yanaonekana meupe.

Kurudi kwa maji nako kuna hatari yake. Hewa iliyoingia bombani inakimbia mbele ya maji, kisha maji yanafika kwenye koki iliyofungwa na kugonga. Ule mlio wa bomba kupiga ukuta alfajiri ni presha iliyoruka ghafla, na viraka vingi hufyatuka dakika hiyo. Usiku wa mgao acha koki ya mita imefungwa, uifungue mwenyewe polepole maji yakirudi, huku koki moja ya ndani ikiwa wazi ili hewa itoke.

Ndugu zetu walio Ulaya wana tatizo la jamaa moja na hili. Nyumba zao hupashwa joto na maji yanayozunguka kutoka kwenye boila hadi kwenye radieta za kila chumba, kisha yanarudi, maji yaleyale mwaka mzima. Boila ya kawaida ya Uingereza ikiwa baridi husoma bar 1 hadi 1.5, na valvu yake ya usalama hufunguka ikifika bar 3. Mshale ukishuka kila wiki, kuna mahali panavuja, hata kama sakafu ni kavu, maana kwenye bomba la moto tone hukauka kabla halijaonekana. Wengi huongeza maji tu kila mshale unaposhuka. Lakini maji mapya huja na oksijeni mpya, na oksijeni hula chuma cha radieta kutoka ndani. Huko pia mtu hufunga mpira na klampu, hufunga valvu mbili za radieta inayovuja ili sehemu nyingine ya nyumba ibaki na joto, na kungoja fundi. Tofauti yao na sisi ni baridi inayogandisha: maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi na kupasua bomba, kwa hiyo hawawezi kuzima mfumo wote wakaenda kulala.

Suala la nani anatengeneza nini limesumbua majirani wengi. Kwa kawaida bomba kutoka mtaani hadi kwenye mita ni la mamlaka ya maji, kwetu BAWASA. Kuanzia mita kuingia ndani ni lako. Ukiona maji yanachuruzika barabarani kabla ya mita, usilifunge mpira wewe mwenyewe. Toa taarifa, na uirudie taarifa hiyo kama hawajafika. Kwa miaka mingi ripoti za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, zimeonyesha kwamba takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini nchini hayafiki kwenye bili, na sehemu ya hayo ni maji yanayovuja njiani. Maji hayo yamesukumwa kwa umeme na kutiwa dawa, na kuna mtaa ulioyangoja siku hiyo ukayakosa.

Fundi akija kwa matengenezo kamili, msimamie kwa haki yako. Asibadilishe tundu tu. Bomba la chuma lililotoboka mahali pamoja kwa kutu liko karibu kutoboka pengine, kwa hiyo akate angalau nusu mita kila upande na aangalie ndani. Kama njia imezibwa na ukoko wa kutu, kipande chote mpaka kiungo kinachofuata kiondoke. Asiunganishe shaba moja kwa moja na chuma cha zinki, maana chuma kitaliwa haraka pale vinapogusana. Kabla ya kupiga plasta, arudishe presha yote na kazi ikae wazi usiku mzima. Fungua koki ya mwisho uache maji yatoke mpaka yawe safi, na ya kwanza hayo yamwagiwe bustani.

Usiku huo funga kila koki, soma mita, andika namba zote pamoja na zile nyekundu za mwisho. Asubuhi kabla mtu hajapeleka maji chooni, soma tena. Namba zikiwa zimesogea, usianze kubomoa ukuta. Tia rangi kidogo ya chakula, au chai ya rangi iliyokolea, ndani ya tangi la choo, ungoje nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikitokea kwenye bakuli, kinachovuja ni mpira wa chini ya tangi la choo, na huo unabadilishwa bila fundi.